Bibi wa Lango la Tatu

Kila siku ya kazi, saa mbili na nusu asubuhi, kabla ya kufungua barua pepe hata moja, Binamu alikuwa akijimiminia chai, akivuta kiti, akishika pedi ya kuchezea na kuucheza mchezo kuanzia mwanzo hadi lango la tatu. Ilimchukua dakika kumi na saba. Desturi hiyo alifundishwa na Shangazi. "Mwandishi asiyecheza alichokiandika," Shangazi alikuwa akisema, "ni mpishi asiyeonja mchuzi. Ataua watu huku anatabasamu."

Mchezo uliitwa Malango Saba. Msichana anabeba mtungi wa maji kuupeleka kwenye mji uliokauka, na njiani kuna malango saba, kila lango na mlinzi wake. Mlinzi wa tatu alikuwa bibi mfupi, mnene, mwenye kitambaa cha rangi ya kutu kichwani na funguo kumi na moja kiunoni. Msichana akifika, bibi humtazama juu mpaka chini, husema, "Pita, mwanangu, lakini shika vizuri. Maji yakimwagika hayazoleki," kisha hufungua. Wote waliowahi kuujaribu mchezo, walipoulizwa wanakumbuka nini, walimtaja yeye kwanza.

Jumatatu ya wiki ambayo mchezo ungetoka, bibi hakufungua. Alimtazama msichana juu mpaka chini, halafu akamtazama Binamu.

"Nani kaniandika?" aliuliza.

Chini ya skrini kikatokea kisanduku cha kujazia jina.

Binamu alizima, akawasha, akacheza tena zile dakika kumi na saba. Bibi akauliza swali lile lile, safari hii akiwa ameketi juu ya jiwe. Chai ilikuwa imeshapoa.

Akamwita Kupe. Kupe alikuwa mtafuta kasoro wa studio, na alipewa jina hilo kwa sababu akiishika kasoro hang'oki mpaka ashibe. Alisimama nyuma ya kiti, akamsikiliza bibi hadi mwisho, kisha akaandika kwenye orodha yake: Namba 4112. Bibi wa lango la tatu amegoma. Anataka kujua aliyemwandika. Uzito: wa kati.

"Kwa nini wa kati?" Binamu aliuliza.

"Wa juu ni gemu likizima. Hili halijazima. Limeuliza tu."

Fundi wa programu alikuja na mkate mdomoni, akakaa pale mpaka saa sita, akipekua mstari mmoja mmoja. "Hakuna kilichobadilika," alisema mwishowe. "Hili si kosa la programu. Ni yeye ameamua."

"Anaweza kuamua?"

"Dada, mlimwandika jeuri. Mlitegemea nini?"

Binamu halikuwa jina lake halisi. Alipoingia studio miaka mitano nyuma, akitoka moja kwa moja chuoni, akiwa amekumbatia folda ya hadithi zake kama mtu aliyebeba mtoto mwenye homa, mwandishi mkuu alikuwa mwanamke ambaye kila mtu alimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa yeyote pale. Binamu alimfuata mwanamke yule jikoni, mikutanoni, hata kwenye ngazi alikokwenda kupiga simu zake. Na kwa kuwa mtoto wa shangazi ni binamu, jina likamganda. Hakuudhika. Hakuwahi kupewa jina na watu wengi kiasi hicho kwa mpigo.

Wiki tisa kabla ya Jumatatu ile, mume wa Shangazi alikuwa akifunga kamba za viatu, akapooza upande wa kulia. Shangazi aliaga kazi akaenda kumuuguza. Kiti chake akapewa Binamu, pamoja na mlango wenye maandishi Mkurugenzi wa Ubunifu. Mama yake aliomba picha ya mlango huo, akaituma kwa ukoo mzima, na mjomba mmoja ambaye hakuwahi kuelewa kazi ile ni ya nini alijibu kwamba mlango ni mzuri.

Kazi ya kwanza ya mkurugenzi mpya ilikuwa kuandaa orodha ya majina, ile inayopanda taratibu kwenye skrini mchezo ukiisha. Studio ilikuwa na mila moja ambayo haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua kama anavyojua choo kilipo: asiyekuwepo siku ya kutoka, hayumo. Mchoraji aliyechora malango yote saba alihamia studio nyingine mwezi wa pili; hayumo. Katika mchezo uliotangulia, mtunzi wa muziki alifariki akiwa amebakiza wimbo mmoja. Studio ilipeleka maua, mkuu akatoa hotuba iliyowaliza watu, na marehemu hayumo. Hakuwepo siku ya kutoka.

Mkuu wa studio alimtumia Binamu orodha ya mchezo ule wa zamani iwe kielelezo, pamoja na maneno matatu: "Fanya kama kawaida." Binamu alifanya. Aliandika majina sitini na mawili. La Shangazi aliliandika, akalitazama, akalifuta. Mstari wa kwanza kabisa, pale panaposema Hadithi, likabaki jina lake peke yake. Orodha ilitakiwa iwe na saini yake Alhamisi saa sita mchana.

Jumatatu hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, simu yake ilitikisika. Ulikuwa ujumbe wa Shangazi.

"Binamu wangu, ni kweli gemu linatoka Ijumaa? Mzee anataka kuliona jina langu kwenye TV. Kuongea bado, lakini nikimtajia Ijumaa ananiminya kidole. Nimemwambia avumilie asisinzie, majina huja mwisho."

Binamu alijibu, "Ndiyo, Ijumaa," akaweka na moyo mwekundu. Kisha akailaza simu kifudifudi, akaendelea kula bila kujua anakula nini.

Jumanne mkuu alishuka mwenyewe kumwona bibi. Watu walimwita Ratiba, si mbele yake, kwa kuwa hata akiulizwa hali ya watoto wake hutazama kwanza ratiba. Alisimama mbele ya skrini, mikono nyuma.

"Mpeni jina la studio," alisema.

Kupe aliandika jina la studio. Bibi alicheka mpaka funguo zikalia.

"Studio ni nyumba," alisema. "Nyumba haina mkono wa kushikia kalamu."

"Mpeni langu."

Bibi alimtazama Ratiba kwa huruma. "Wewe baba, hata neno karibu hujawahi kuliandika."

Hakuna aliyecheka. Ratiba alitazama saa yake. "Basi, la mkurugenzi. Si ndiye mwenye hadithi?"

Binamu aliandika jina lake kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayejaza fomu ya polisi. Bibi hakucheka. Alisogea mpaka uso wake ukajaa skrini nzima, na mikunjo yote ya macho ikaonekana.

"Wewe ulinipiga pasi, mwanangu," alisema. "Na pasi yako ilikuwa nzuri, sina neno. Lakini hukunishona."

Kila aliyekuwa chumbani alimjua mshonaji. Kupe alitazama viatu vyake. Fundi wa programu alitoka kwenda kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

"Kuna jina jingine?" Ratiba aliuliza.

"Sijui," Binamu alisema.

"Kama hakuna, bibi atoke. Lango libaki wazi. Watu wanapenda malango yaliyo wazi."

Walipoondoka, Binamu alifunga mlango kwa ufunguo, akaandika jina kamili la Shangazi, majina yote matatu, jinsi yalivyoandikwa kwenye cheti cha miaka kumi ya kazi ambacho bado kilining'inia ukutani. Lango likafunguka bila kelele. Msichana akainua mtungi apite. Bibi akamshika bega.

"Hili jina," bibi alisema, "huko nje watu watalipata wapi?"

Binamu alizima skrini.

Jumatano saa nne asubuhi fundi wa programu alimtoa bibi mchezoni. Kazi ilichukua dakika sita. Saa nne na robo bibi aliingia kwa mlango mkubwa wa chini.

Dada wa mapokezi alimsogezea kitabu cha wageni kama anavyomsogezea kila mtu. Bibi aliandika kwa mwandiko mzuri. Anakotoka: Lango la Tatu. Anayemtafuta: aliyeniandika. Saa ya kuondoka aliiacha wazi.

"Una miadi, bibi?"

"Nina swali."

"Basi keti hapo kwenye benchi. Mwenye majibu akishuka nitakuita."

Bibi aliketi. Alipogeuka, ilionekana kwamba mgongo wake wote ulikuwa wa kijivu mtupu, kwa kuwa kwenye mchezo hakuwahi kuonekana kwa nyuma na mchoraji hakuona sababu ya kuumalizia. Dada wa mapokezi alivua sweta yake akamfunika, akisema kiyoyozi cha hapo hakina adabu.

Mpaka mchana bibi alikuwa amechoka kukaa. Aliinuka akasimama mlangoni, maana hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na kila aliyetaka kutoka alimuuliza nani kaniandika. Asiyejibu hakugombezwa; hakufunguliwa tu. Askari wa mlango, aliyekuwa amesimama pale miaka minane, alimpisha na kuketi kwa mara ya kwanza, akasema magoti yanamshukuru. Wafanyakazi walianza kutokea ngazi za dharura, nyuma kwenye mapipa ya taka. Alhamisi asubuhi tayari mtu alikuwa ameweka zulia la kufutia miguu huko. Ofisi ya utumishi ilituma tangazo kwamba mgeni wa mapokezi anaruhusiwa kubaki, mradi asiguse mashine ya kuchapia.

Binamu naye alipita nyuma. Jumatano jioni alishuka ngazi zile akiwa ameshika viatu mkononi, visilie.

Alhamisi saa tano Ratiba alikuja ofisini kwake, akakaa bila kukaribishwa.

"Orodha," alisema.

"Iko karibu."

"Nasikia kuna jina linakusumbua."

Nje ya kioo watu walikuwa wakiandika kwa bidii, jinsi watu wanavyoandika wakati wanasikiliza.

"Mimi orodha sijaigusa," Ratiba aliendelea, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ni yako. Mkurugenzi wa ubunifu ndiye anayejua nani alibuni nini. Ukitaka kumrudisha, mrudishe, nitatia saini baada yako. Lakini akirudi yeye, watarudi wote, mchoraji na marehemu na kila aliyepita hapa na kikombe chake. Na kwenye mstari wa hadithi watu watauliza ya nani ni ipi. Mimi nitawajibu nini? Kiti ni kimoja, Binamu."

"Alikaa humu miaka kumi na miwili."

"Na alikuwa hodari. Nani amekataa? Mimi mwenyewe nampenda." Aliinuka. "Saa sita. Iko kwenye ratiba."

Binamu alifungua orodha. Aliandika jina la Shangazi kwenye mstari wa kwanza. Jina lake mwenyewe likashuka mstari wa pili, na mbele yake, kwa kuwa ndivyo ukweli ulivyokuwa, akaandika Mwandishi Msaidizi. Alilisoma. Alifikiria mama yake akiisoma, na ukoo mzima, na mjomba aliyesema mlango ni mzuri. Alifikiria mwanamume aliyeketi mahali fulani akiwa na upande mmoja tu wa mwili, akijitahidi asisinzie. Aliwafikiria wote kwa upole, mmoja baada ya mwingine, na machozi yakamlenga. Alikuwa na moyo mwepesi. Kila mtu alisema hivyo.

Saa sita kasoro dakika tano alilifuta jina la Shangazi, akatia saini.

Mchezo ulitoka Ijumaa saa nne asubuhi. Kwenye TV kubwa ya mapokezi waliuendesha wenyewe, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kasi, ili wageni waone. Kulikuwa na maji ya matunda na bilauri za plastiki. Lango la tatu lilikuwa wazi, na msichana alilipita bila kupunguza mwendo. Bibi aliyatazama hayo kutoka mlangoni, sweta begani.

Aliyempigia Shangazi simu ni dada wa mapokezi. "Shangazi, huku kuna mgeni wako," alimwambia. "Ana funguo." Shangazi alifika saa saba, amekonda, na mfuko wa dawa mkononi. Bibi alimtazama juu mpaka chini, akafungua mlango kabla hajaulizwa chochote.

"Umechelewa," bibi alisema.

"Nina mgonjwa."

"Kumbe."

"Mikono yako bado ina nguvu?"

"Uliniandikia lango la chuma."

"Basi twende nyumbani ukanisaidie kumgeuza mzee. Peke yangu naumia mgongo."

Bibi alikubali, akaenda kujaza saa ya kuondoka kwenye kitabu. Wafanyakazi waliokuwa pale walimkumbatia Shangazi, mmoja mmoja, kwa muda mfupi kuliko kawaida. Binamu alikuwa kwenye kona, nyuma ya meza ya vinywaji. Alikuwa ameteremka kwa ngazi kuu kwa sababu ya wageni, na sasa njia ya kurudi juu ilipita mbele ya Shangazi.

"Mtoto wangu," Shangazi alimwita. "Njoo hapa, mbona unajificha kama mdaiwa? Umekonda. Hawakulishi?"

Binamu alisogea. Shangazi alimshika mkono akaubakisha mkononi mwake, na pamoja wakageukia TV, maana msichana alikuwa amemimina maji mjini na muziki wa mwisho ulikuwa umeanza.

"Mzee nimemwacha na jirani," Shangazi alisema, macho kwenye skrini. "Wamewasha kule pia. Wanafika mwisho sasa hivi na wao."

Majina yalianza kupanda. Hadithi: likapita jina la Binamu. Yakapita ya wachoraji, ya mafundi, ya Kupe, ya dada wa mapokezi, ya kampuni iliyoleta viti. Shangazi aliyasoma yote, midomo ikicheza kidogo. Ulipopita mstari wa mwisho alingoja. Skrini ikawa nyeusi, kisha msichana akarudi mwanzo na mtungi wake.

"Labda limepita haraka," Shangazi alisema. "Macho yangu siku hizi ni ya kubahatisha. Hebu rudisheni."

Hakuna aliyerudisha. Dada wa mapokezi alikuwa akipanga kalamu zake kwa urefu. Simu ya Shangazi ililia ndani ya mfuko wa dawa. Aliitazama, likawa jina la jirani, hakupokea.

Ratiba alivuka chumba, mikono wazi. "Shangazi wetu. Pole sana. Ni mfumo, unajua mambo ya mfumo. Yamedondoka majina kadhaa wakati wa kupakia. Tutarekebisha kwenye toleo lijalo."

Toleo lijalo halikuwa kwenye ratiba, na kila aliyekuwa na bilauri mkononi alilijua hilo. Tangu asubuhi mchezo ulikuwa umeshanunuliwa na watu elfu arobaini.

"Mfumo," Shangazi alisema. Alikunjakunja mdomo wa mfuko wa dawa, kisha akaukunjua. "Basi sawa. Mashine ni mashine. Nitamwambia mzee ni mashine." Akampigapiga Binamu mgongo wa mkono. "Usilie, mwanangu. Wewe ungekuwa na uwezo ungeliweka, nakujua."

Bibi alikuwa amesimama na mlango wazi, akingoja. Hewa ya nje iliingia na kupeperusha leso za karatasi mezani.

"Twende?" bibi aliuliza.

Shangazi aliuachia mkono. Alikuwa amepiga hatua mbili Binamu aliposema, "Si mfumo." Alisema kwa sauti iliyomtoka bila kupimwa, na askari aliyekuwa ameketi akasimama. Ratiba alimwita kwa jina lake kamili, mara moja, kwa upole. Binamu hakumgeukia.

"Ni mimi, Shangazi. Niliandika jina lako mara mbili na nikalifuta mara mbili. Sikulazimishwa na mtu. Nilikitaka kile kiti. Nilikitaka hata kabla mzee hajaanguka."